Fremu sita, kisha mbili: shajara ya ukuta wa mbele

Jumamosi, 11 Novemba 2023

Fundi amekuja na futi kamba yake leo asubuhi. Tumepima mbele ya nyumba kutoka mpaka wa kulia hadi wa kushoto: mita 22. Geti linachukua nne, zinabaki kumi na nane, fremu sita za maduka, mita tatu tatu kila moja. Tofali za inchi sita, bati la kuegemeza upande mmoja, milango ya chuma ya kukunja. Makadirio ameniandikia nyuma ya risiti ya saruji, maana karatasi nyingine hakuwa nayo. Nikamuuliza, na kibali? Akacheka mpaka penseli ikamdondoka sikioni.

"Dada, mtaa huu nani ana kibali cha fremu?"

Ana haki ya kucheka. Jioni nimetembea kutoka kituo cha daladala hadi kwangu nikihesabu. Nyumba 31, na 14 kati ya hizo zimeshatoboa ukuta wa mbele: saluni, mangi wawili wa maduka ya rejareja, duka la dawa, mawakala wa fedha wanaotazamana, fundi pikipiki, na baa ambayo mchana inajiita grosari. Hati za nyumba zote hizo, naweza kula kiapo, zimeandikwa makazi.

Mtaa sitautaja, majirani zangu ni wasomaji. Inatosha kusema tuko pembezoni mwa Dar es Salaam, kwenye mojawapo ya maeneo yaliyopimwa katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Naandika kwa sababu mimi ni mhasibu, na pesa ikianza kutoka pasipo daftari silali.

Jumapili, 12 Novemba 2023

Nyumba niliinunua mwaka 2016 kwa mmiliki wa kwanza. Tulihamisha jina, nikaifungia hati kabatini pamoja na vyeti vya watoto. Leo nimeisoma kama mkataba kwa mara ya kwanza.

Muda wa miliki: miaka 99 kuanzia 2004. Ukubwa: mita za mraba 880. Matumizi: makazi tu, Kundi A, kwa mujibu wa kanuni za makundi ya matumizi za mwaka 1960 kama zilivyorekebishwa mwaka 1993. Elfu moja mia tisa na sitini! Bendera ya Uhuru haijapandishwa, mtu kakaa ofisini anapanga pa kulala na pa kuuzia sukari, na mimi na mangi bado tumo kwenye orodha yake. Sheria iliyozizaa kanuni hizo ilishafutwa na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 na kanuni mpya zikatoka, ila hati yangu inasema lugha iliyozaliwa nayo.

Kuna sharti jingine ambalo nusura nilipite. Mwenye hati atazilinda bikoni zote za kiwanja, yaani alama za zege za kwenye kona, kwa muda wote wa miliki, na zikipotea zitarudishwa kwa gharama zake. Nimetoka nje na tochi saa tatu usiku, mbwa wa jirani akinibwekea. Kiwanja kina kona nne. Bikoni za nyuma nimeziona zote mbili, moja nimeitumia miaka saba kufungia kamba ya nguo. Za mbele sijaona hata moja.

Jumanne, 21 Novemba 2023

Nimeomba ruhusa kazini nikaenda ofisi ya ardhi. Afisa mipango miji ni binti mdogo, umri wa mwanangu wa kwanza labda, lakini ana subira ya mkunga. Alinitandazia mchoro wa eneo letu mezani. Nimekaa hapa miaka saba na sikuwahi kuuona.

Kwenye mchoro sisi ni watu wengine kabisa. Viwanja vinavyotazama barabara kubwa ni "biashara na makazi". Katikati kuna shule ya msingi, zahanati, eneo la wazi, na mraba umeandikwa soko. Mitaa ya ndani, wangu ukiwemo, ni makazi peke yake, ujazo wa kati, yaani viwanja si vikubwa sana wala vya kubanana. Nikamuuliza soko hilo liko wapi, maana mimi hununua nyanya kituoni, juu ya mfuniko wa mtaro. Akaweka kidole kwenye mraba, akaniangalia, akasema, "Liko hapa." Tukacheka wote wawili.

Hilo neno ujazo lina historia yake. Mkoloni aligawa Dar es Salaam kwa rangi za watu: Wazungu Oysterbay na pwani ile ya kaskazini, Wahindi mjini na Upanga, Waafrika Kariakoo na Ilala, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi katikati. Mpango mkuu wa mwaka 1949 ukaja na lugha ya adabu zaidi: ujazo mdogo, wa kati, mkubwa. Mipaka ikabaki ileile. Rangi zimeondoka kwenye sheria, ila mpaka kesho ukisema Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, hakuna anayekuuliza unamaanisha nini. Kwa hiyo mimi, binti wa Uswahilini, nina kiwanja cha ukubwa wa Uhindini, nataka kukifanyia mambo ya Kariakoo.

Kuhusu fremu: siwezi kuomba kibali cha ujenzi wa biashara kwenye kiwanja cha makazi, kibali hakitatoka. Kwanza niombe mabadiliko ya matumizi, kutoka makazi kwenda makazi na biashara. Anataka nakala ya hati, stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi isiyo na deni, barua ya serikali ya mtaa, maoni ya majirani, na mpima athibitishe mipaka. Baadaye tangazo gazetini na bango kwenye kiwanja, ili mwenye pingamizi aseme. Halafu kamati ya mipango miji ya halmashauri, na kamati ikipendekeza, faili linapanda ngazi ya juu. Likikubaliwa nasalimisha hati hii, napewa nyingine yenye masharti mapya, na kodi ya pango inapanda kwa sababu biashara hailipi sawa na makazi.

Nikamuuliza kile ambacho nawe ungeuliza: kwa nini wenye fremu tayari wanakaa kwa amani, na mimi niliyekuja kuuliza naandikiwa orodha?

"Wale wapo kwenye orodha nyingine, mama," akasema. Hakueleza ni orodha gani.

Njiani nimekumbuka kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme, 1,500 kila mwezi. LUKU haiulizi unauza nini ndani.

Jumamosi, 13 Januari 2024

Mpima amekuja na chombo chake cha setilaiti kwenye fimbo ndefu na kijana wa kuishika. Shilingi 450,000, baada ya kubembelezana wiki mbili. Watoto wa mtaa wote walijaa getini. Alianza na bikoni za nyuma, akaenda kutafuta nyingine mbili kwa majirani, akarudi mbele, akatembea, akasimama, akatazama kioo chake, akarudi nyuma hatua moja, akarudi tena nusu hatua. Nilijua kabla hajafungua mdomo, kwa sababu alikuwa amesimama ndani ya ua wangu, karibu na ndoo ya mwarobaini.

Bikoni ya mbele kulia inatakiwa iwe pale. Ukuta wangu uko mbele ya pale kwa mita 1.4.

Upande wa kushoto ni mita 1.1. Ukuta umekaa upogo, na wote uko kwenye hifadhi ya barabara. Aliyeniuzia ndiye aliyeujenga, au fundi wake, na mimi nikanunua, nikapaka rangi, nikaweka taa juu yake. Kijana wa mpima alichimba kidogo chini ya nguzo ya geti tukakuta kipande cha zege na ncha ya nondo. Bikoni ilivunjwa wakati wa kuchimba msingi. Hiyo ndiyo niliyoapa kuilinda.

Fundi nimempigia simu. "Hiyo ni mita moja tu dada, barabara si inapitika?" Inapitika. Bajaji mbili zikikutana mbele ya kwangu, moja inapanda juu ya tuta la udongo. Nilikuwa nadhani madereva hawajui kuendesha.

Jumamosi, 3 Februari 2024

Saini za majirani. Wa kushoto amesaini huku akinisimulia mpango wake wa kujenga fremu nane. Wa kulia yuko Muscat, amesaini mdogo wake kwa barua aliyotumiwa kwa simu. Wa nyuma alitaka kujua kama kutakuwa na muziki. Nimemwambia hakuna muziki, duka la dawa na stationari, akasaini.

Aliye ng'ambo ya barabara, upande wa chini, ni mzee ambaye mtaa mzima humwita Baharia kwa sababu alisafiri na meli ujana wake. Alijenga mwaka 2005, wakati ambapo, kwa maneno yake, fisi walikuwa majirani wema kuliko hawa wa sasa. Nimempa shikamoo, kaitikia, kanikaribisha kahawa, kasoma fomu yote mpaka chini, kisha kaikunja kwa uangalifu na kunirudishia.

"Mwanangu, hii sisaini. Nitaandika."

Jumatatu, 4 Machi 2024

Maombi yamepokelewa na kugongwa muhuri. Tangazo limetoka gazetini, maneno machache yamenigharimu kuliko kitenge cha harusi. Bango limesimama mbele ya ukuta, yaani, kwa hesabu za mpima, limesimama barabarani mbele ya kitu kingine kilichosimama barabarani. Mvulana wa bodaboda ameshaliegemea.

Jumanne, 19 Machi 2024

Muda wa futari kimekuja kijukuu cha Baharia na bakuli la muhogo wa nazi limefunikwa kwa sahani, na juu ya sahani bahasha. Nakala ya barua ya pingamizi. Halisi ameshaipeleka halmashauri asubuhi. Muhogo ulikuwa mtamu.

Barua ni kurasa mbili za mkono, mwandiko wa shule za zamani. Nilitegemea kukutana na maneno ya wivu, ya fujo, ya wahuni watakaokaa vibarazani. Hayamo. Anasema hivi: barabara yetu ilichorwa mita 12 pamoja na nafasi ya mtaro kila upande. Ukuta wangu umeukalia mtaro wa upande wa juu. Maji ya viwanja vilivyo juu yangekuwa yanaingia kwenye mtaro huo yashuke bondeni, lakini yakifika kwangu yanakosa njia, yanakata barabara na kuingia kwake. Kila mwaka ananunua mifuko ya mchanga. Nikijenga fremu sita zenye sakafu, na mbele yake vitofali vya pevin vya kusimamisha magari, udongo wote unaokunywa maji utakuwa umezibwa. "Ninaomba Kamati," amemalizia, "isipime kiwanja peke yake bali ipime na maji."

Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika kwa sababu ya futari.

Jumatano, 24 Aprili 2024

Mvua za mwaka huu si za kuandika kwa kalamu. Kazini nusu ya watu hawajafika. Jangwani barabara imefungwa tena, kama kawaida yake.

Saa kumi na moja alfajiri niliamshwa na sauti ya maji, nikafungua geti. Maji yalikuwa yanateremka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yakifuata ukuta wa jirani wa juu vizuri kabisa kama mtu anayeijua njia. Yalipofika kwenye kona ya ukuta wangu yakagonga, yakapinda kushoto, yakavuka barabara na kuingia moja kwa moja kwenye geti la Baharia. Yeye alikuwa amesimama mlangoni na kanzu ameikunja magotini, mkononi ana fagio la chelewa. Tulitazamana. Hakusema kitu. Nilichukua koleo nikavuka.

Mpaka saa mbili tulikuwa tumetoa tope la sebuleni. Kiatu cha mjukuu mmoja kimeenda na maji.

Chini zaidi, kule bondeni, kuna watu waliouziwa vipande visivyopimwa kwa bei ya kutupa. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na waliobomolewa bonde la Msimbazi Desemba 2015 walijifunza habari hiyo kwa kishindo cha tingatinga. Lakini hawa wa kwetu chini wanaendelea kununua, na kila anayeziba udongo huku juu anawapelekea wao salio. Nami nimo.

Jumamosi, 4 Mei 2024

Kimbunga Hidaya. Redio inasema tusitoke. Nimekaa ndani na karatasi ya mraba na rula ya mtoto, nachora.

Jumamosi, 18 Mei 2024

Baharia ameniomba nimsindikize matembezi. Tumekwenda mpaka kwenye ule mraba wa soko.

Ni ukuta wa tofali wenye geti la bati, kutu imelila geti chini. Nilichungulia kwenye tundu: mbaazi za mlinzi, mkorosho mmoja mkubwa, rundo la kokoto zilizoota majani. Mwenyewe hatumjui. Baharia anakumbuka kiwanja hiki kilipopimwa. Mkorosho ule ulikuwa wa mzee mmoja wa kijiji aliyelipwa fidia ya miti yake akahamia mbele zaidi, na huko alikohamia sasa hivi pia pamepimwa.

"Soko lingekuwa hapa," akasema, "nani angehangaika kutoboa ukuta wa sebule yake?"

Nimelala nalo hilo. Tunapenda kusema watu hawafuati mipango miji, kwa sauti ileile tunayosema watoto hawanawi mikono. Sisi hatukuanza kwa kuasi. Nyumba zilihamia kwanza, watu wakaja na njaa na homa na nywele za kusuka, na mahali palipochorwa kwa ajili ya njaa na homa na nywele pakafungwa kwa kufuli. Biashara ikafanya kama yale maji. Sinza ni hivyohivyo: viwanja vilivyogawiwa miaka ya 1970 ili watu wa kipato kidogo wajenge nyumba zao, leo ukitafuta nyumba ya mtu kulala tu, katikati ya baa na gesti, utatembea.

Hii haifuti mita 1.4 zangu. Soko kufungwa hakukunituma kukalia mtaro.

Jumapili, 9 Juni 2024

Mchoro mpya, nimeuchora mimi kisha nimempa mchoraji wa majengo aunyooshe. Ukuta unarudi kwenye bikoni. Fremu ni mbili, si sita, na haziko kwenye mpaka. Ziko mita tatu ndani ya bikoni, upande wa kulia, zinatazama geti. Mbele yake gari mbili zinasimama ndani ya kiwanja. Hakuna pevin, kokoto. Maji ya bati yanaingia kwenye shimo la mawe nyuma ya fremu. Upande wa kushoto unabaki bustani ya mama yangu, mchaichai wake usiguswe, hilo ndilo sharti gumu kuliko yote ya Kundi A.

Hesabu ya mhasibu: fremu sita zingerudisha gharama kwa miaka mitatu. Mbili, ukiweka bei ya kuvunja na kujenga ukuta, miaka saba na ushee. Fundi ameitazama karatasi kwa huruma ya kweli.

Jumamosi, 20 Julai 2024

Tumevunja ukuta.

Niliogopa siku nyingi kuamka nikute X nyekundu. Watu wa Morogoro Road wanazijua hizo alama vizuri kuliko mimi: nyekundu ni kwamba uliifuata barabara, vunja bila fidia, kijani ni kwamba barabara ndiyo iliyokufuata, pale sheria ya barabara ya mwaka 2007 ilipotanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, subiri ulipwe. Huku ndani hakuna aliyekuja na rangi. Nimevunja mwenyewe, na nakiri kwamba nilijisikia mjinga, kwa sababu saluni ya tatu kutoka kwangu iko mbele ya bikoni kuliko nilivyokuwa mimi na leo wamesuka watu kumi.

Vijana wanne, nyundo, saa tano. Nilidhani tofali zitaokolewa. Zimepona 140 hivi, zilizobaki ni kifusi. Nguzo ya geti ilikataa. Walipoichimbua wakakuta zege refu kuliko la nyumba yenyewe. Aliyejenga alijua anajenga mahali pa kugombaniwa.

Mpima amerudi, bikoni mbili mpya zimesimikwa, nondo katikati, zege linang'aa. 160,000. Nimeziwekea duara la mawe yaliyopakwa chokaa kama makaburi ya watakatifu.

Saa kumi jioni kulikuwa na ukanda mtupu wa udongo mbele ya kwangu, mita 1.4 upande huu na 1.1 upande ule, wenye rangi tofauti na udongo wa pande zote kwa sababu haukuona jua kwa miaka mingi. Kabla ya magharibi jirani wa kushoto alikuwa ameshaegesha gari lake hapo.

Jumatano, 11 Septemba 2024

Kamati imekaa. Baharia aliitwa, na mimi niliitwa, tukapanda daladala moja. Alikuwa amevaa koti la suti na makubadhi.

Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini nipewe mabadiliko wakati wengine kwenye mtaa huo wameshajenga bila kuomba; sikuelewa kama anamaanisha mimi ni wa kusifiwa au wa kuchekwa. Mwingine aliuliza maji ya choo yanaenda wapi. Nikamwonyesha karo kwenye mchoro. Walipomgeukia Baharia alisimama, akasema pingamizi lake lilihusu fremu sita na ukuta, na kwamba ukuta haupo tena. Akaulizwa, kwa hiyo unaondoa pingamizi? Akasema, "Silioni la kuondoa. Ninaomba mtaro."

Wamependekeza mabadiliko kwa masharti: fremu mbili, zisiongezwe, magari yasimame ndani, pasisakafiwe mbele. Faili linapanda juu. Nimeambiwa nisubiri barua, na nisianze hata kumwaga mchanga.

Mtaro haukuwa kwenye ajenda.

Jumapili, 27 Oktoba 2024

Wapangaji wanapiga simu. Wa duka la dawa amechoka kusubiri, amechukua fremu kwenye nyumba ya tisa kutoka kwangu, isiyo na karatasi yoyote. Ameniomba radhi kwa heshima kabisa. Ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo. Mkopo wake haujui kamati.

Jumamosi, 30 Novemba 2024

Uchaguzi wa serikali za mitaa umefanyika Jumatano. Mwenyekiti wa mtaa aliyeniandikia barua ya utambulisho hayupo tena. Huyu mpya amepita nyumba kwa nyumba kusalimia, kijana mwenye mikono ya baridi, akaniuliza ule udongo mtupu mbele ya ukuta ni wa nani.

Nikamwambia ni wa barabara.

"Nani kakwambia?"

Nikamleta kwenye mawe ya chokaa, nikamwonyesha bikoni. Akachuchumaa. Akaniambia amezaliwa wilaya hii na hajawahi kuona bikoni kwa karibu; alidhani ni vitu vya TANESCO. Baharia akatoka ng'ambo na nakala ya mchoro wa eneo aliyoitunza tangu 2005 ndani ya mfuko wa plastiki, tukautandaza juu ya boneti ya gari la jirani wa kushoto, ambalo bado liko palepale. Mwenyekiti alifuata barabara kwa kidole, akafika kwenye mraba wa soko, akasimama.

"Hili soko liko wapi?"

Jumamosi, 14 Desemba 2024

Barua haijaja. Hesabu mpaka leo: mpima mara mbili 610,000, gazeti, ada, nakala na nauli 385,000, kuvunja na kujenga ukuta 4,270,000. Fremu: sifuri.

Jana imenyesha kwa saa mbili, si mvua ya kutisha. Baharia alikuwa ameshachimba mwenyewe kwa jembe mfereji wa kiganja kimoja kwenye ule ukanda, kutoka kona ya jirani wa juu hadi ya jirani wa kushoto, na mahali gari linapoegeshwa ameuzungusha nyuma ya tairi. Maji yalifika kwenye kona yangu, yakasita, yakaingia mferejini. Kwa jirani wa kushoto, ambaye ukuta wake nao nimeanza kuutilia shaka, yaligonga yakapinda.

Jumatatu nampigia mpima.